Kazi ya Mtoto Irudi kwa Mwalimu: Kufundisha Shule Zikiwa Zimefungwa

Machi 2020 Kenya, Tanzania na Uganda zilifunga shule ndani ya wiki moja. Kenya ilitangaza tarehe 15, Tanzania tarehe 17, siku moja baada ya mgonjwa wa kwanza wa korona kuthibitishwa nchini, na Uganda ikafunga tarehe 20. Tanzania iliwarudisha kidato cha sita Juni 1, shule zilizobaki zikafunguliwa Juni 29 mwaka huohuo. Kenya iliwarudisha watoto wa gredi ya nne, darasa la nane na kidato cha nne Oktoba, waliobaki wakasubiri hadi Januari 2021. Uganda watoto wengi walikaa karibu miezi 22 kabla ya shule kufunguliwa kikamilifu Januari 2022. Korona ilipita, kufunga hakukupita: mafuriko ya bonde la Rufiji Aprili 2024 yalivuruga masomo, na nchini Kenya mvua za msimu huohuo zilisogeza muhula wa pili kutoka Aprili 29 hadi Mei 13.

Kila mara shule zinapofungwa, walimu tunaulizana swali lilelile: tutawatumiaje watoto masomo? Ni swali la haki, lakini linatangulia mahali pasipo pake. La kwanza liwe hili: kazi ya mtoto itarudije kwangu? Maelezo ya somo yako kwenye kitabu cha kiada, yako redioni, yako kwa kaka aliyemaliza kidato cha nne. Kinachopotea mlango wa darasa unapofungwa ni mtu anayeona daftari la mtoto limeandikwa 42 - 17 = 35 na kujua palepale kwamba huyu hakukopa kumi, alichukua 2 akaitoa kwenye 7 kwa sababu ndiyo ndogo. Mpango wa kufundisha kwa mbali usio na njia ya kuliona hilo kosa ni matangazo tu, hata ukiwa na video nzuri kiasi gani.

Botswana walilipima jambo hili mwaka 2020. Familia za kundi la kwanza zilipokea meseji ya hesabu kila wiki. Nyingine zilipokea meseji hiyohiyo pamoja na simu ya mwalimu ya dakika 15 hadi 20, mtoto na mzazi wakiwa pamoja. Meseji peke yake haikuleta tofauti ya maana. Meseji na simu vilileta. Njia hiyo ikajaribiwa baadaye Kenya, Uganda, India, Nepal na Ufilipino, na watoto walionufaika ni wa simu za kawaida, zisizohitaji intaneti. Kwa mwalimu wa shule ya kata hiyo ni habari njema sana, maana kila kinachohitajika kinapatikana kijijini.

Kabla ya kufungwa: daftari la namba

Mpango wote unasimama juu ya daftari moja, na daftari hilo haliandaliwi siku ya tangazo. Siku ya tangazo watoto wanaondoka asubuhi na hutawaona tena. Liandae wiki ya kwanza ya kila muhula, mtoto mmoja mstari mmoja: jina, namba mbili za simu, ya pili ikiwa ya mtu wa nyumba nyingine, aina ya simu, kitochi au simujanja, nani anakaa nayo mchana na anarudi nyumbani saa ngapi, redio ipo au haipo na inashika kituo gani, na jina la mwanafunzi mwenzake anayekaa karibu zaidi kwa miguu.

Safu ya nani anakaa na simu ndiyo inayosahaulika, nayo ndiyo inayoamua ratiba. Simu ya baba dereva wa bodaboda iko barabarani mpaka usiku. Ya mama anayeuza sokoni iko sokoni. Ukituma kazi saa tatu asubuhi na kudai majibu saa sita mchana, unawapima wazazi, humpimi mtoto. Kwa nyumba nyingi muda halisi wa shule kipindi cha kufungwa ni kati ya saa kumi na mbili jioni na saa tatu usiku. Tuma kazi alfajiri au jioni, kisha toa siku mbili kamili za kuirudisha.

Namba zilizoandikwa mtoto alipoandikishwa darasa la kwanza usiziamini. Watu wanabadili laini, na Tanzania kuanzia Januari 20, 2020 laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilianza kuzimwa, miezi miwili tu kabla shule hazijafungwa. Tuma meseji fupi ya majaribio: "Mzazi wa Asha, jibu NDIYO ukiipata." Asiyejibu ndani ya siku tatu, namba yake ihesabiwe kuwa imekufa, na mtoto aagizwe kuleta nyingine angali anakuja shuleni.

Punguza kabla ya kutuma

Azimio la kazi la muhula halibebeki kwa simu. Anayejaribu kulipeleka lote anachoka wiki ya pili, na watoto wanaacha kujibu wiki ya tatu. Kaa na wenzako wa somo mchague mada ambazo nyingine zinazitegemea. Hisabati ya darasa la tano, sehemu, kama 1/2 na 1/3, inatangulia desimali na asilimia, kwa hiyo sehemu inabaki. Takwimu zinaweza kusubiri. Kwenye lugha, kusoma kwa ufahamu na kuandika aya moja vinabaki, istilahi nyingi za sarufi zinasubiri. Dhana moja kwa somo moja, masomo mawili au matatu kwa wiki kwa kila somo kuu, na kila dhana iishie kwenye maswali matatu. Maswali kumi yanaonekana kuwa kazi nzuri, lakini kwa watoto 60 ni majibu 600 ya kusahihisha, na hayatasahihishwa.

Meseji ya herufi 160

Hapa ndipo ufundi wote ulipo, kwa sababu meseji inafika kila mahali na mtoto anaweza kuijibu kwa kitochi. Meseji moja inabeba herufi 160, nafasi na nukta zikihesabiwa. Kiswahili kinaandikwa kwa herufi za kawaida, kwa hiyo hatupati shida wanayoipata wenye herufi za alama. Balaa linakuja na alama za hesabu. Ukiweka × au ÷ au ile 2 ndogo ya kipeo, au ukinakili kutoka kwenye kompyuta alama za kunukuu zilizopinda, simu inabadili namna ya kuandika ujumbe wote, na nafasi inashuka hadi herufi 70. Meseji moja inakatwa vipande vitatu, gharama inapanda mara tatu, na kwenye simu nyingine za zamani vipande vinafika vimepangwa kinyume. Andika x ya kawaida kwa kuzidisha, andika "gawa kwa" kwa kugawanya, na tumia alama za kunukuu zilizonyooka.

Mfano wa kazi inayotosha meseji moja:

HISABATI DRS 5 SOMO 7. 1) 42-17=? A 35 B 25 C 59. 2) 1/2+1/3=? A 2/5 B 5/6 C 2/6. 3) 6x15=? A 90 B 65 C 21. Jibu hivi: Asha 1C 2C 3C

Majibu yasiyo sahihi hapo hayakutupwa ovyo. Kila moja ni kosa linalojulikana. Aliyechagua 35 alitoa ndogo kwenye kubwa bila kujali ipi iko juu. Aliyechagua 59 alijumlisha. Kwenye swali la pili, 2/5 ni mtoto aliyejumlisha kiasi kwa kiasi na asili kwa asili. 2/6 ni mtoto aliyekwisha kupata kigawe kidogo cha shirika lakini akasahau kubadili viasi, na huyo yuko mbali sana mbele ya mwenzake. Kwenye la tatu, 65 ni aliyezidisha 6 kwa 10 akapata 60, halafu akaongeza ile 5 bila kuizidisha. Kwa hiyo herufi tatu zinazorudi kwenye simu ya mwalimu zinamwambia aanzie wapi na kila mtoto. Ukitumia majibu ya kubahatisha kama 12, 88 na 104, mtoto akikosa utajua kwamba amekosa, basi.

Tenga saa nzima kuandaa maswali matatu ya namna hiyo. Chimbuko bora ni madaftari ya miaka iliyopita: makosa ya watoto yanajirudia kizazi hadi kizazi, na mwalimu mzoefu anayo kichwani hata bila kufungua daftari.

Majibu yakiingia, yaandike kwenye jedwali siku hiyohiyo, majina kushoto, maswali juu. Usiandike vema na kosa, andika herufi yenyewe. Ukitazama safu kwa wima utaona, tuseme, watoto 23 wameandika 2A. Kosa hilo ni la darasa na linahitaji somo jipya. Wanne walioandika 1A wanahitaji simu.

Na kwa asiye na salio la kujibu? Kubip kunafanya kazi. Mpangilio unaoeleweka kirahisi ni kwamba mtoto aliyekwama anabip, mwalimu anaweka alama kwenye daftari la namba, na kuanzia saa kumi na mbili jioni anawapigia kwa zamu. Ujumbe wa bure wa kuomba kupigiwa ambao mitandao mingi inao unafaa vilevile.

Simu ya dakika ishirini

Piga hesabu kwanza. Watoto 60 mara dakika 20 ni dakika 1,200, yaani saa 20 kwa wiki. Mwalimu mmoja ataziweza akiwa hana kazi nyingine, na madarasa mengi ya shule za serikali yana watoto zaidi ya 60. Kwa hiyo walimu wa shule nzima wagawane watoto, bila kujali nani anafundisha somo gani: mwalimu wa jiografia anaweza kabisa kumsikiliza mtoto akisoma aya au kumuuliza 42 toa 17. Walimu 12 wenye watoto 360 wanabaki na watoto 30 kila mmoja, saa 10 kwa wiki, saa mbili kila jioni. Ikishindikana, piga kila baada ya wiki mbili, lakini usipunguze dakika. Simu ya dakika tano inaishia kwenye salamu na habari za nyumbani.

Simu yenyewe ina mwendo wake. Unaanza na mzazi: "Habari za jioni mama Asha, ni mwalimu wa Asha hapa. Naomba uweke sauti kubwa na ukae naye tumsikie wote." Asha anaamkia, unaitikia, mnaingia kazini. Dakika tano za mwanzo ni swali alilokosa wiki iliyopita, naye analieleza mwenyewe kwa sauti: umeanza na tarakimu ipi, halafu umefanya nini? Usimkatize. Kimya cha sekunde kumi kwenye simu kinaonekana kirefu mno, na walimu wengi tunakijaza kwa kutaja jibu. Kiache, mtoto anahesabu. Dakika kumi zinazofuata ni jambo moja jipya, kalamu na karatasi vikiwa mbele yake. Zinazobaki ni za kumwachia swali moja la wiki na kumwambia mzazi, mtoto akisikia, kitu kimoja alichokifanya vizuri.

Mzazi anapokaa kwenye simu hiyo anajifunza namna ya kumwuliza mtoto, na siku nyingine sita za wiki yeye ndiye mwalimu aliyepo. Hata asiyejua kusoma anaweza kusema "nieleze ulivyofanya" na kusikiliza. Hili nalishikilia kwa nguvu: wazazi wetu hawajashindwa kusaidia, hawajaambiwa wasaidie nini.

Kiwango cha mtoto kitafutwe kwa simu ya kwanza. Njia ya Uwezo, mpango ulioanzishwa 2009 na kupima watoto majumbani Kenya, Tanzania na Uganda, inatosha: kwa kusoma, anza na silabi, nenda kwenye maneno, aya, hadithi fupi, na simama pale mtoto anapokwama, kwa hesabu, kujumlisha, kutoa, kuzidisha, kugawanya. Mtoto wa darasa la sita anayekwama kwenye kutoa kwa kukopa aanzie hapo, kitabu cha darasa la sita kikisubiri. Darasani ni vigumu kufanya hivyo mbele ya wenzake. Kwenye simu hakuna anayemcheka, na ni faida ambayo shule ikiwa wazi hatuipati.

Gharama isitoke mfukoni mwa mwalimu. Kifurushi cha dakika za mitandao yote kwa mwezi ni nafuu kuliko kupiga kwa salio la kawaida, na mwalimu mkuu akikiweka kwenye ruzuku ya uendeshaji pamoja na chaki ambazo hazitumiki wakati huo, hesabu inakubali.

WhatsApp, kwa wenye simujanja

Darasa la video la moja kwa moja linapendwa na wanaolitazama kwa mbali. Saa moja inaweza kula gigabaiti nzima, mzazi awe nyumbani na simu yake muda huohuo, na mtandao usikatike. Kwa shule chache za mijini linawezekana. Kwa walio wengi, sauti na picha zilizotumwa zikasikilizwa wakati wowote zinashinda mbali, maana sauti ya dakika moja haifiki hata robo ya megabaiti.

Fungua makundi mawili. La kwanza lipangwe ili wasimamizi pekee ndio wanaoweza kutuma. Humo yanaingia masomo tu. La pili ni la maswali na salamu. Ukiwa na kundi moja, sauti ya somo la Jumanne inafunikwa na "amina" hamsini na picha za kutakiana asubuhi njema, na mtoto anayepata simu usiku hataifikia. Kuna anayependelea orodha ya matangazo ili namba za wazazi zisionekane kwa kila mtu. Ni wazo zuri, ila ujumbe wa orodha unawafikia wale tu waliohifadhi namba yako kwenye simu zao, kwa hiyo hilo lihakikishwe kwanza.

Sauti isizidi dakika tatu. Mtandao ukikatika katikati ya sauti ya dakika kumi, huenda ikaanza kupakuliwa upya, na mtoto aliyekosa sentensi moja haijui iko wapi. Rekodi chumba chenye nguo au godoro, mbali na feni na bati linalopigwa na mvua, simu ikiwa kiganja kimoja kutoka mdomoni. Anza kila sauti kwa anwani yake: "Hisabati, darasa la tano, somo la saba, sauti ya kwanza kati ya mbili." Jina hilohilo liandikwe juu ya picha na juu ya meseji, ili mtoto aliyepata kipande kimoja ajue anakosa kipi.

Picha ya kazi iandikwe kwa kalamu ya wino mzito kwenye karatasi isiyo na mistari, mistari minane hadi kumi kwa ukurasa, ipigwe mchana karibu na dirisha, mwanga ukitoka ubavuni. Ukisimama kati ya dirisha na karatasi, kivuli cha mkono kinafunika nusu ya swali. Tuma picha, usitume PDF, kwa sababu baadhi ya simu za bei ndogo hazina programu ya kuifungua na nafasi ya kuiweka imejaa. Washauri wazazi wazime upakuaji wa video wa kujiendesha kwenye mipangilio. Bando linaokoka na kumbukumbu ya simu haijai video za harusi.

Majibu yarudi kama picha ya daftari, jina na namba ya somo vikiwa juu ya ukurasa. Sahihisha kwa kuchora kwenye picha hiyohiyo kwa rangi nyekundu, uirudishe. Weka mduara pale kosa lilipoanza, si kwenye jibu la mwisho. Na tiki za buluu zisihesabiwe kuwa mahudhurio: aliyehudhuria ni aliyerudisha kazi.

Redio

Redio ina sauti nzuri, inafika mbali, haina njia ya kurudi. Kenya wakati wa korona vipindi vya KICD, taasisi ya mitaala, vilirushwa kupitia KBC, shirika la utangazaji la taifa. Zanzibar ilikuwa na uzoefu wa vipindi vya redio vya watoto wadogo miaka mingi kabla ya hapo. Kazi ya mwalimu wa shule hapa ni kukiunganisha kipindi na daftari. Pata ratiba ya kituo, chagua vipindi viwili kwa wiki, tuma meseji jioni ya kuamkia siku hiyo ikiwa na mambo matatu: saa, kitu cha kushika mkononi (daftari, mawe 20, rula), na swali moja la kusikilizia. Jioni yake pokea jibu la swali hilo kama majibu mengine yote.

Yanayoharibika ni madogo na yanajulikana. Betri kubwa za redio zinaisha na hakuna anayenunua nyingine kwa ajili ya kipindi cha shule. Kitochi nyingi zina redio, lakini baadhi hazishiki bila waya wa spika za masikioni, kwa sababu waya huo ndio antena. Kipindi cha saa nne asubuhi kinamkuta msichana kisimani. Ukiwa na nafasi ya kuongea na kituo cha redio cha jamii, waombe marudio ya jioni, na kwamba mtangazaji anayeuliza swali anyamaze sekunde tano kabla ya kutoa jibu. Mtoto asipopewa nafasi ya kujibu anaacha kujibu, baadaye anaacha kusikiliza.

Wasio na simu wala redio

Kwao ni karatasi. Watoto 60, karatasi mbili kila mmoja kwa wiki zilizochapwa pande zote, ni karatasi 120. Rimu moja ya 500 inakwenda wiki nne na kubakiza 20 za zilizoharibika. Karatasi ya kwanza ni maelezo na mfano uliofanywa hatua kwa hatua, hiyo inabaki kwa mtoto. Ya pili ni maswali yenye nafasi ya kujibia, hiyo inarudi. Ukiweka vyote kwenye karatasi moja, mtoto anarudisha kazi na kubaki bila maelezo.

Kila mtoto awe na bahasha mbili za kaki zenye jina lake, A na B. Ikiwa A iko nyumbani, B iko kwa mwalimu. Zinabadilishana siku moja ya wiki, mahali ambapo watu wanafika kwa shughuli zao: dukani, kwa mjumbe, msikitini au kanisani baada ya ibada, kisimani. Yule mwanafunzi jirani uliyemwandika kwenye daftari la namba ndiye anayebeba ya mwenzake. Msimu wa mvua bahasha iingie kwenye faili la plastiki. Familia zilizohamishwa na mafuriko hazirudi nyumbani kwa wiki nyingi, kwa hiyo bahasha ziwafuate zilikohamia, na daftari jipya na kalamu viwe ndani, kwa kuwa vya zamani vimeondoka na maji.

Karatasi iliyorudi lazima ipate alama na neno moja la mwalimu ndani ya wiki. Mtoto anayerudisha mara mbili bila kuona kalamu nyekundu hatarudisha ya tatu, na wala si uvivu wake.

Kwa darasa la kwanza na la pili, anayefundishwa ni mzazi. Kusoma, kuandika na kuhesabu kwa umri huo hakuendi kwa maelezo marefu. Mwandikie mlezi kwa lugha ya nyumbani: "Mpe maharage 10. Mwambie atenge mafungu mawili. Muulize kila fungu lina mangapi. Rudia kwa mafungu mengine." Kwa kusoma, aya fupi ya maneno 30 hadi 40 ibandikwe ukutani wiki nzima, na mwishoni mwa wiki mtoto aisome kwenye simu. Utasikia mara moja kama anasoma neno, anakata silabi, au ameikariri: mrukishe mstari, aanze katikati.

Mtoto asiyesikia anahitaji picha na maandishi, au video fupi ambayo uso na mikono ya anayeonyesha alama vinaonekana kwa mwanga wa mbele. Asiyeona anafaidika na sauti zile zile za WhatsApp, mradi mwalimu asiseme "tazama hapa".

Usalama wa mtoto

Mwalimu apige namba ya mzazi, sauti kubwa ikiwa imewekwa, muda uliotangazwa. Asiwe na mazungumzo ya faragha na mwanafunzi, hasa wasichana, hata akiwa na nia safi. Kila kundi liwe na walimu wawili wasimamizi. Picha ya daftari inatosha. Picha za sura za watoto zisiombwe wala zisisambazwe. Kimya cha ghafla cha msichana aliyekuwa akirudisha kazi kila wiki ni habari. Wiki ya kwanza piga simu, ya pili tuma mtu afike kwao, na ukisikia dalili za mimba, ndoa au kupelekwa kazi za ndani, mpigie afisa ustawi wa jamii siku hiyohiyo. Watoto wengi walipotea hivi, na jedwali la majibu la mwalimu linaweza kuwa ndilo pekee linaloonyesha tarehe waliyoacha.

Siku shule inapofunguliwa

Wiki ya kwanza isitumiwe kukimbiza mada zilizobaki. Toa jaribio la dakika 40 lililojengwa kwa maswali yaleyale yenye makosa yanayojulikana, kuanzia madarasa mawili nyuma hadi darasa la mtoto. Linganisha na jedwali la kipindi cha kufungwa: aliyejibu vizuri nyumbani na akashindwa darasani, kazi yake huenda ilifanywa na dada yake, naye apangwe kwa matokeo ya darasani bila kugombezwa.

Halafu pangeni makundi kwa kiwango, si kwa darasa, kwa saa moja kila siku, wiki sita hadi nane. Wa darasa la nne, la tano na la sita wanaokwama kwenye kutoa kwa kukopa wakae chumba kimoja na mwalimu mmoja. Saa zilizobaki za siku waendelee na madarasa yao. Mtoto akivuka kiwango anahamia kundi linalofuata Ijumaa, bila kusubiri mwenzake. Jedwali la majibu lihamie kwa mwalimu atakayempokea mwaka unaofuata, likiwa na herufi za makosa kama zilivyoandikwa. Na kabla wiki ya kwanza haijaisha, daftari la namba lipitiwe upya, kuanzia na wale ambao simu zao hazikuwahi kuita.